Uzi wa sufu ya Castlemilk Moorit: maoni yangu baada ya kufuma sweta

Wafumaji wenzangu habari zenu. Nimemaliza sweta ya uzi wa Castlemilk Moorit, aina ya kondoo wa kahawia wa Uskoti, na niseme mapema kabisa kwamba uzi ni mzuri mno, ila sio wa kila mtu wala wa kila kazi, na ukiununua bila kujua hawa kondoo wametokea wapi utaishia kuulalamikia kwa mambo ambayo ndo hasa uzuri wake.

Tuanze na rangi. Ni kahawia iliyopauka inaelekea kwenye asali, na haijatiwa kitu, ndivyo kondoo mwenyewe alivyo. Nililoweka kibonge usiku kucha kikatoa vumbi na mafuta kidogo, nikakikandamiza kwenye taulo jeupe, taulo likabaki jeupe vile vile. Ukifumua kauzi kidogo ukakaangalia kwenye mwanga unaona unywele umekolea upande wa shina halafu nchani umefifia, lile ni jua lililompiga kondoo akiwa malishoni. Ndo maana vibonge havifanani sawasawa hata vikitoka kwa mfugaji mmoja, kwahiyo fuma na vibonge viwili kwa kupokezana, mistari miwili huku miwili kule, la sivyo mkono mmoja wa sweta utakuwa mweupe kuliko mwingine.

Sasa hiyo rangi ina historia yake na mimi ndo imenikamata. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Castlemilk, karibu na Lockerbie kusini mwa Uskoti, ukoo wa Buchanan-Jardine walitaka kondoo wa kupendezesha viwanja vya shamba lao na hapo hapo watoe sufu ya kahawia ya kutengenezea nguo za wafanyakazi wa shamba. Wakachukua kondoo wa Manx Loaghtan wa Kisiwa cha Man, wakachukua kondoo wa Shetland wa kahawia, wakachanganya na mufloni, yule kondoo mwitu wa Corsica na Sardinia. Miaka ile matajiri wenye ardhi Uingereza walikuwa na hamu sana na haya mambo, hata Henry John Elwes, yule mtaalamu wa miti, alipeleka kondoo wa mbegu za kale pamoja na machotara wao kwenye maonyesho ya kilimo ya Bristol mwaka 1913 na akawaandikia kijitabu kabisa cha kuwaelezea.

Kwenye kupata kondoo wa kahawia ndo ninapowavulia kofia waliomtengeneza. Kwa kondoo hawa ukahawia ni tabia inayojificha, mwanakondoo lazima airithi kwa baba na kwa mama ndo ionekane, akiipata upande mmoja tu inafunikwa. Yaani ukimpandisha mufloni na kondoo wa kahawia, uzao wa kwanza rangi yenyewe huioni, inabidi uwarudishe tena kwa wa kahawia, uchague, upandishe, uchague tena, na kumbuka kanuni za Mendel, zile za jinsi tabia zinavyorithiwa, zilikuwa zimefufuliwa mwaka 1900 tu. Faida yake ukishafika kwenye kundi la kahawia tupu, nalo linazaa kahawia tupu. Alama ya mufloni bado ipo lakini: tumbo, kidevu, kuzunguka macho, matakoni na ndani ya miguu wamepauka, na madume kwa majike wote wana pembe.

Nilichokuwa naogopa ni ugumu. Mufloni juu ana nywele ngumu, sufu yake laini imejificha chini, nikasema hapa nitawashwa mpaka nivue. Nikapekua uzi wangu kwa kidole, nywele ngumu nimezikuta za kuhesabu. Wafugaji wamechagua kweli kweli. Hata hivyo usitegemee ulaini wa merino, yule kondoo wa sufu laini, shingoni inawasha kidogo, mtoto mchanga usimfumie. Sufu yake ni fupi na imeshonana, kwahiyo uzi unakuwa mwepesi umejaa hewa na joto lake ni la uhakika, ila kwapani vitonge vya manyoya vinaanza mapema. Kofia, sweta ya nje, fulana ya kuvaa juu ya shati, hapo umepatia. Fua kwa mkono kwa maji ya baridi, mashine hapana.

Bei iko juu, sikatai. Lakini kondoo mmoja anatoa sufu kama kilo 1 tu, merino anatoa kilo kadhaa, na hiyo kilo ukishaiosha mafuta na kutoa majani inapungua tena. Halafu wenyewe ni wachache. Sir John Buchanan-Jardine wa ule ukoo alipofariki kundi lilivunjwa, kwenye mwaka 1970 hivi, na waliookoka kuendeleza mbegu ni majike 10 na dume 1 walionunuliwa na Joe Henson wa Cotswold Farm Park, shamba la mifugo adimu huko Uingereza. Dume moja jamani! Wote waliopo leo wametoka kwa hao, yaani ni damu moja, na mfugaji anayewafuga vizuri anatakiwa aangalie sana dume gani anampandisha wapi. Kazi hiyo inahitaji pesa, na pesa inatoka kwa watu kama sisi tunaonunua sufu.

Kinachonikera ni lebo. Muuzaji wangu ameandika kwamba hii ni mbegu ya kale iliyotufikia bila kuguswa na mtu. Hapana. Manx Loaghtan na Shetland ndo za kale, huyu ametengenezwa na watu waliokaa chini wakafikiria, juzi juzi tu kwa umri wa kondoo, na kumwita wa kale ni kuwanyang'anya sifa waliomtengeneza na waliomwokoa. Usokotaji ni safi, vipimo ni vya kweli, ujumbe wangu wa kuuliza ulijibiwa haraka, kwahiyo natoa nyota 4 kati ya 5. Ya tano naitoa siku lebo itakapoandika Castlemilk, karne ya 20, na majina ya kondoo watatu waliochanganywa.