Spreyi ya flutikasoni: wiki kumi za kujiandaa kwa nusu marathoni nikiwa na aleji ya chavua

Nina aleji ya chavua tangu utotoni: pua inaziba, macho yanawasha, chafya mfululizo. Kwa miaka nilimeza klorofeniramini, vidonge vya aleji, na usingizi wake anaujua aliyewahi kuinywa. Alfajiri miguu inakuwa mizito, kilomita 15 hazikimbiliki. Nilipojiandikisha kukimbia kilomita 21.1, daktari aliniandikia spreyi ya flutikasoni, dawa ya steroidi ya kupuliza puani, mipulizo miwili kila tundu la pua, mara moja kwa siku.

Wiki ya kwanza nilikaribia kuitupa. Nafuu sikuiona, na damu ilinitoka puani mara mbili. Kumbe nilikuwa naitumia vibaya: nainua kichwa juu, naelekeza mdomo wa chupa kwenye ule ukuta wa katikati ya pua, halafu navuta kwa nguvu mpaka dawa inashukia kooni. Mfamasia akanielekeza upya. Penga kamasi kwanza, tikisa chupa, inamisha kichwa kidogo. Tundu la kushoto tumia mkono wa kulia, la kulia tumia wa kushoto, ili dawa ielekee upande wa nje. Kisha vuta pumzi polepole. Tangu siku hiyo damu haijatoka tena.

Nafuu yenyewe ilikuja wiki ya pili. Niliijua kwenye mazoezi ya kilomita 12, nilipogundua njiani kwamba navuta hewa kwa pua, katikati ya msimu wa maua! Nilifurahi mno. Ndiyo maana nasisitiza: mwenye mbio msimu wa chavua aanze kuitumia wiki mbili kabla ya msimu, na aendelee kila siku hata akijisikia mzima. Ukiipuliza kwa mara ya kwanza asubuhi ya mbio, usitarajie kitu. Wanaopimwa dawa michezoni wajue kwamba flutikasoni ya puani inaruhusiwa kwa dozi ya kawaida, ila sudoefedrini, dawa ya kuzibua pua iliyomo kwenye vidonge vingi vya mafua, inaweza kuwaponza.

Macho yangu spreyi iliyapunguzia muwasho kiasi tu. Miwani na kuoga mara baada ya mazoezi vilisaidia zaidi. Kifua haikitibu kabisa. Nilipoanza kukohoa na kubanwa nikiongeza kasi nilirudi kwa daktari, nikapewa salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, ya kuvuta dakika 15 kabla ya kukimbia. Kifua kikibana, tafadhali usikinyamazie.

Siku ya mbio nilimaliza bila kusimama hata mara moja kupenga kamasi. Spreyi hii ningeinunua tena bila kusita.

Lalamiko langu ni chupa. Haionyeshi dawa iliyobaki. Ina mipulizo 120, yaani siku 30 kwa dozi yangu, na ya kwanza iliniishia wiki ngumu kuliko zote za mazoezi. Sasa tarehe ya kuifungua naiandika kwa kalamu ubavuni mwa chupa.