Nembo ya achari yangu: fundi wa Kariakoo aliyeanza na penseli

Nauza achari ya embe. Napika nyumbani Mbagala, natia kwenye chupa za gramu 250, nasambaza maduka ya Tandika na Temeke. Nembo yangu ya kwanza nilitengenezewa na mtu wa stika kwa elfu ishirini. Alijaza humo embe, pilipili, mnazi, sufuria inayofuka moshi, na jina kwa maandishi ya kujikunja kama ya kadi ya harusi, yote juu ya nyekundu. Kwenye simu ilipendeza. Ikibandikwa kwenye kifuniko cha sentimita sita, vyote vinageuka doa moja. Nilipotaka bango la Sabasaba ikatoka miraba miraba, kwa kuwa nilichopewa ni picha ya WhatsApp tu.

Fundi niliyemwendea safari hii ana chumba ghorofa ya pili, Kariakoo. Hakugusa kompyuta. Aliniuliza maswali karibu saa nzima: nani ananunua, dukani kuna mwanga gani, chupa inakaa rafu ya juu au ya chini. Akaishika chupa, akaigeuza dirishani. "Mama, achari yenyewe ina rangi ya chungwa na mafuta yamepanda juu. Lebo nyekundu inazama humohumo." Chupa hizo nazishika kila siku na sikuwahi kuliona hilo.

Akachora kwa penseli, bila rangi. Anashikilia kwamba nembo isiyosimama kwa wino mmoja haitasimama popote, maana kesho utaitaka kwenye muhuri, kesho kutwa kwenye flana ya kijana wa kusambaza. Nami nikang'ang'ania pilipili ibaki. Ndipo akanieleza habari ya tufaha la Apple, alilochora Rob Janoff mwaka 1977: pale palipomegwa pamewekwa ili mtu asidhani ni cheri. Mmego mmoja tu, na kazi imekwisha. Kwenye nembo yangu kazi hiyo inafanywa na kikonyo: kimepinda, kimechongoka, kimekuwa pilipili. Embe moja, kikonyo kimoja, jina chini kwa herufi nene zilizosimama wima. Kijani cha embe bichi juu ya nyeupe.

Siku ya kukabidhiana tulishuka duka la chini. Akamwomba mwenye duka aweke chupa mbili, ya lebo ya zamani na ya lebo mpya, katikati ya tomato sosi na siagi ya karanga, kisha tukavuka barabara. Ile ya zamani niliitafuta kwa macho mpaka nikachoka. Mpya niliiona kabla sijageuka vizuri.

Lalamiko ninalo. Aliahidi siku kumi, zikawa ishirini na mbili, na jioni hapokei simu. Marekebisho ni matatu, la nne unalipia. Laki mbili na nusu si pesa ndogo kwa mpika achari. Lakini nimeondoka na faili za vekta, zinazokuzwa hata ukuta mzima bila kuharibika, nyingine ya rangi za uchapaji, nyingine ya rangi za skrini, na moja nyeusi tupu. Pia karatasi yenye saini yake kwamba nembo ni mali yangu. Yule wa kwanza hata faili yenyewe alininyima.

Alinisisitiza nikaisajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kabla ya kuchapa lebo elfu moja. Usajili wa kwanza unadumu miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10. Zanzibar ina usajili wake, nami nina mteja Darajani, kwa hiyo nimeanza kuweka akiba ya safari ya pili.

Ukienda kwake, beba bidhaa yenyewe. Mimi siku ya kwanza nilikwenda mikono mitupu, akanirudisha Mbagala kuifuata chupa.