LibreOffice: maoni yangu ya ukweli, na kwa nini nasema achana na OpenOffice

Haya wadau, karibuni tena. Leo tunaichambua LibreOffice, na najua kuna watu washaanza kusema aah, ile Word ya bure, hapana subiri kwanza, maana mimi hii programu naitumia kila siku kazini, naandikia ripoti, napigia mahesabu, natengenezea PDF, kwa hiyo nitakayosema hapa yanatoka kwenye matumizi. Na nianze na jibu kabisa ili asiye na muda asisubiri: iinstoli, ni nzuri. Ila hakikisha unapakua LibreOffice na sio OpenOffice, na kwenye hayo majina mawili ndipo penye siasa zenyewe, tutafika.

Tuanze na lalamiko namba moja. Mtu anakutumia faili la Word, unalifungua huku, kurasa zilikuwa kumi zimekuwa kumi na moja, kichwa cha habari kimebaki peke yake chini ya ukurasa, jedwali limekatika katikati, basi unaambiwa programu mbovu. Sasa angalieni kwenye skrini yangu, hapa juu kwenye kisanduku cha fonti. Mnaona neno Calibri limeandikwa kwa italiki? Hiyo ndio programu inakuambia fonti hii kwenye kompyuta hii haipo, nimeweka nyingine. Calibri ni mali ya Microsoft, LibreOffice haina ruhusa ya kuigawa, kwa hiyo inaweka Carlito, ambayo imechorwa makusudi kabisa kila herufi iwe na upana uleule wa Calibri, ndio maana mistari inakatika palepale hata kama umbo la herufi linatofautiana kidogo. Cambria nayo ina pacha wake anaitwa Caladea, Times New Roman ina Liberation Serif.

Shida inakuja fonti isipokuwa na pacha. Mwaka 2023 Microsoft walitangaza Aptos kuwa ndio fonti ya kuanzia badala ya Calibri, sasa faili la Aptos likitua kwenye kompyuta isiyo nayo inawekwa fonti yenye upana mwingine, neno moja linasukumwa mstari wa chini, mstari unasukuma aya, aya inasukuma picha, mpaka unajikuta na ukurasa wa ziada. Maneno yako yote yapo, hakuna kilichofutika, kilichohama ni mpangilio. Kwa hiyo kama mtu anatakiwa kusoma tu, mtumie PDF yaishe. Na hapa kuna kitu nakipenda sana na watu hawakijui: ukienda kutoa PDF, kwenye lile dirisha la machaguo kuna kiboksi cha PDF mseto, ukikiwekea tiki, faili la asili la ODF, yaani muundo wa mafaili wa LibreOffice yenyewe, linafichwa humohumo ndani ya PDF, anayesoma anaona PDF ya kawaida lakini wewe ukiifungua tena kwenye LibreOffice unaendelea kuhariri kama hakuna kilichotokea. Faili moja, kazi mbili. Mimi hii peke yake inatosha kunibakiza.

Upande wa mahesabu, yaani Calc, nawaonyesha kitu kimoja ambacho kila mtu anayehamisha data inabidi akijue. Naandika 60 kwenye seli, halafu naibadilisha iwe tarehe. Calc inaniambia 28 Februari 1900. Sasa faili hilohilo nikilifungua kwenye Excel, ile 60 inakuwa 29 Februari 1900, siku ambayo haijawahi kuwepo duniani, kwa sababu mwaka 1900 haukuwa mwaka mrefu, unagawanyika kwa 100 lakini haugawanyiki kwa 400. Imetokeaje? Zamani ilikuwepo Lotus 1-2-3, programu ya mahesabu kama Excel, yenyewe iliuhesabu 1900 kama mwaka mrefu, na Excel ilipokuja ikalichukua kosa lile kama lilivyo makusudi ili mafaili ya Lotus yafunguke bila tarehe kuhama. Sasa Calc yenyewe sifuri yake ni tarehe 30 Desemba 1899, ukiihesabu vizuri utaona kuanzia 1 Machi 1900 kwenda mbele namba zao zinalingana kabisa na za Excel, na ile siku hewa haimo. Hiyo ni akili nzuri sana ya mtu aliyekaa akafikiria. Kama rekodi zako ni za mwanzoni mwa 1900 kurudi nyuma basi kagua kwa macho, zikianzia baada ya hapo huna la kuogopa.

Muonekano, sawa, ukifungua mara ya kwanza menyu ni za kizamani, vitufe vingi vidogovidogo vimejazana. Nenda kwenye mipangilio ya muonekano uchague vichupo, vipo tangu toleo la 5.3 la mwaka 2017, utajisikia nyumbani kama umezoea Word. Impress ya kutengenezea slaidi ndio sehemu ninayoiona dhaifu, violezo vyake vinachosha macho na ukileta slaidi za PowerPoint zenye mbwembwe nyingi utarekebisha sana. Kama kazi yako ni slaidi asubuhi hadi jioni, sikushauri.

Haya sasa siasa. Hii programu asili yake ni StarOffice ya Ujerumani, kampuni ya Sun ikainunua 1999, mwaka uliofuata wakaufungua msimbo wake, yaani code yenyewe, kila mtu aweze kuutumia, na kukawa na OpenOffice.org. Mwaka 2010 kampuni ya Oracle wakainunua Sun, na wale watu waliokuwa wanaijenga wakaingiwa na wasiwasi kwamba mradi utakufa au utafungwa, Septemba mwaka huohuo wakajitenga, wakaunda taasisi yao, The Document Foundation, na kuiita programu LibreOffice. Oracle wakabaki na jina ila mikono imeondoka, na mwaka 2011 wakalikabidhi jina na msimbo kwa Apache, taasisi inayosimamia programu huria. Ndio maana mpaka leo kuna programu mbili.

Na zingekuwa mbili zinazolingana nisingesema kitu. Ila OpenOffice toleo la 4.1 lilitoka 2014, na tangu hapo ni viraka tu vya 4.1 hiyohiyo. Mpaka leo inafungua docx, yaani faili la Word, lakini haiwezi kusevu docx. Mwaka 2015 lilitokea tundu la usalama kwenye sehemu inayosoma mafaili ya HWP, yaani ya programu moja ya kuandikia ya Korea, na watumiaji wa OpenOffice kabla ya kupata toleo lililorekebishwa ilibidi waelekezwe kwenda kufuta faili la programu kwa mkono, jamani, mtu wa kawaida anayeandika barua yake atajua hayo? Mwaka 2016 wenyewe ndani ya mradi walijadili kuustaafisha, haikuwa. Mwaka 2020 OpenOffice ilipotimiza miaka 20, wenzao wa LibreOffice wakaandika barua ya wazi kuwaomba tu wawaambie watumiaji kwamba kuna kitu kingine kinachoendelezwa. Kuomba tu waambiwe!

Halafu kuna la leseni, hili watu wengi hawalifahamu. Leseni ya Apache inaruhusu LibreOffice kuchukua chochote kizuri cha OpenOffice, lakini OpenOffice haiwezi kuchukua cha LibreOffice bila kuvunja taratibu zake. Msimbo unaenda upande mmoja tu, kwa hiyo pengo linazidi kila mwaka na haliwezi kuzibika. Mimi msimamo wangu ni kwamba kulishikilia jina linalofahamika dunia nzima wakati kazi haiendi ni kumuumiza mtumiaji asiyejua, na nasema hivi huku nikiwaheshimu Apache kwa mambo mengine mengi waliyofanya.

Lakini upande wa LibreOffice nao sio kwamba ni malaika. Mwaka 2020 matoleo ya majaribio ya 7.0 yalionekana yameandikwa Personal Edition, yaani toleo la mtu binafsi, watu wakawaka, wakasema sasa hawa wanataka kutuuzia, ile lebo ikatolewa kabla toleo lenyewe halijatoka, na mwaka uliofuata 7.1 ikaja na neno Community, yaani jamii. Waliokasirika nawaelewa, huwezi kubadilisha jina la kitu cha watu wote bila kuwauliza kwanza. Ila jamani tuseme ukweli, sehemu kubwa ya ule msimbo inaandikwa na watu walioajiriwa na kampuni kama Collabora, wanalipwa mshahara, na ofisi kubwa zinaiweka kwenye mamia ya kompyuta bila kuchangia hata senti wala kuripoti hitilafu moja. Ile lebo ilikuwa njia mbaya ya kuuliza swali halali. Kuna komenti niliziona kipindi kile za kuwatukana madevelopa, watu ambao programu yao unaitumia bure, hiyo mimi siikubali hata kidogo.

Sasa kama wewe tayari una OpenOffice, huna cha kubadilisha kwenye mafaili, odt na ods zako zinafunguka huku kama zilivyo, ni muundo uleule wa ODF ambao ni kiwango cha ISO tangu 2006. Na ukikuta faili linavurugika usiishie kulalamika, tengeneza nakala, toa majina na namba za watu, bakiza ule ukurasa mmoja wenye tatizo, upeleke kwenye Bugzilla yao, ile tovuti ya kuripotia hitilafu, na uandike unatumia toleo gani. Base, ile sehemu ya hifadhidata, sijaigusa leo, ina mambo yake mengi, nitaifanyia video yake.