Oili ya GL-4 kwenye giaboksi ya Willys MB: uzoefu wangu wa miaka miwili

Nina gari la kijeshi aina ya Willys MB lililoundwa mwaka 1944, na kwa miaka miwili iliyopita giaboksi yake imekuwa ikitumia oili isiyo ya sintetiki, yenye unene wa SAE 80W-90 na daraja la API GL-4 (GL ni madaraja ya oili za gia yanayopangwa na taasisi ya petroli ya Marekani, API). Nimeimwaga na kuijaza upya mara tatu, na katikati ya hapo nimeikagua baada ya safari ndefu, baada ya kuvuka maji na baada ya gari kukaa majuma kadhaa bila kuwashwa. Naipa nyota nne kati ya tano, nayo nyota iliyokosekana nitaieleza. Hizo nne imezipata hasa kwa sababu ya kile kilichopunguzwa ndani yake, jambo ambalo nilichelewa kulielewa.

Kabla ya hapo giaboksi ilikuwa na oili ya GL-5, iliyojazwa na gereji iliyolifanyia gari huduma ya kwanza baada ya mimi kulinunua. Fundi aliyeijaza hakuwa na nia mbaya. Aliniambia kwamba GL-5 ni daraja la juu kuliko GL-4, kwa hiyo inalinda zaidi, nami nikakubali kwa kuwa maneno hayo yaliingia akilini. Miezi michache baadaye gia ya pili ilianza kusumbua. Kila niliposhuka kutoka gia ya tatu kwenda ya pili nilisikia mkwaruzo mfupi, mkono wa gia ukigoma kidogo kabla ya kuingia, na kadiri giaboksi ilivyopata joto ndivyo mkwaruzo ulivyozidi. Nilidhani klachi haiachii sawasawa, nikairekebisha mara mbili bila mafanikio.

Jibu nililipata siku niliyoimwaga ile oili. Niliipokea kwenye beseni jeupe, nikalivuta beseni hadi juani, na nilichokiona sijakisahau: oili nyeusi yenye harufu kali ya salfa, na ndani yake mng'ao uliokuwa ukisogea kila nilipolitikisa beseni, kama rangi ya dhahabu iliyosagwa ikakorogwa humo. Nilipitisha sumaku taratibu kutoka ukingo hadi ukingo. Ilitoka na ute mwembamba wa vumbi la chuma, ambao ni wa kawaida kabisa kwa giaboksi ya umri huo, lakini zile chembe za dhahabu zilibaki palepale. Nilichovya kidole, nikakifuta kwenye tambara safi, na tambara likabaki na alama ya njano inayometameta. Sumaku haishiki shaba. Zilizokuwa zikimetameta zilikuwa ringi za sinkronaiza za gari langu, yaani kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijaumana, zikiniishia kidogo kidogo.

Giaboksi ya Willys MB ni Warner T-84, yenye gia tatu za mbele na moja ya rivasi. Gia ya kwanza na rivasi hazina sinkronaiza. Meno yake husogezwa na kuumana moja kwa moja, na ndiyo maana kuingiza gia ya kwanza gari likiwa bado linatembea kunadai ukanyage klachi mara mbili, au usimame kabisa. Gia ya pili na ya tatu zina ringi za mchanganyiko wa shaba, ambazo hubana koni ya chuma na kuilazimisha izunguke kwa mwendo mmoja na shafti kabla meno hayajakutana. Kazi yote ya ringi hizi ni msuguano. Oili ikizidi utelezi, ringi hupita juu ya koni bila kuikamata, na meno hukutana yakiwa bado na mwendo tofauti. Huo ndio mkwaruzo niliokuwa nikiusikia.

Utelezi ni nusu tu ya tatizo. GL-5 hubeba kemikali za salfa na fosforasi za kuhimili mgandamizo mkubwa, kwa kiasi kinachokaribia mara mbili ya kile cha GL-4. Kemikali hizi huungana na uso wa chuma na kutengeneza tabaka jembamba linaloumia badala ya meno. Kwenye chuma kigumu hilo ni jema. Kwenye shaba, ambayo ni laini zaidi, salfa hushika kwa nguvu kiasi kwamba tabaka linapobanduka huondoka na chembe za shaba yenyewe, na joto huzidisha hali hiyo. Zipo GL-5 za kisasa zenye kemikali za kuikinga shaba, nami sizikatai, lakini kuikinga shaba na salfa hakuirudishii ringi msuguano wake, na ringi za T-84 si kitu cha kuchezea majaribio.

Nilipoileta oili mpya ya GL-4 sikutaka kuamini maandishi ya kopo peke yake. Nilikata vipande viwili vya waya wa umeme wa shaba, nikavimenya na kuving'arisha kwa msasa laini, kimoja nikakitia kwenye mtungi wa kioo wenye GL-5 iliyobaki na kingine kwenye GL-4, kisha mitungi yote miwili nikaiweka ndani ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu kwa saa tatu. Waya uliokuwa kwenye GL-4 ulitoka na rangi ya chungwa iliyofifia kidogo. Ule wa GL-5 ulikuwa na madoa ya zambarau na upande mmoja umekuwa wa kahawia iliyoiva. Maabara hufanya jaribio la namna hii kwa vipimo kamili chini ya kanuni ya ASTM D130, kwa hiyo sidai kwamba sufuria yangu ni maabara, lakini mimi nilitosheka.

Anayetaka kununua asome kopo kwa makini, maana hapa ndipo wengi hukosea. Kuna oili nyingi zilizoandikwa GL-4/GL-5 kwa pamoja, na mnunuzi hudhani kwamba inamaanisha ya katikati. Mara nyingi ni GL-5 kamili, ambayo mtengenezaji anaona inakidhi pia masharti ya kinga ya GL-4. Lakini kukidhi masharti ya kulinda meno hakusemi lolote kuhusu usalama wa shaba. Tafuta kopo linalotaja GL-4 pekee. Hapa ndipo nyota yangu moja ilipopotelea: oili ninayoitumia ni GL-4 pekee, lakini upande wa mbele wa kopo hauonyeshi daraja hilo, umejaa namba 80W-90 kwa herufi kubwa, na maneno GL-4 yamebanwa nyuma kwa maandishi madogo ambayo nililazimika kuyasoma kwa tochi. Kopo la GL-5 la mtengenezaji yuleyule lina rangi ileile. Kwa bidhaa ambayo kuikosea kunakula giaboksi, huo ni uzembe ambao siwezi kuupitia kimya.

Kuhusu unene, namba 90 isimtishe mtu. Vipimo vya oili ya gia na vya oili ya injini havitumii ngazi moja, na SAE 90 ya gia inakaribiana na SAE 40 au 50 ya injini. Mwongozo wa jeshi la Marekani wa gari hili, TM 9-803 wa mwaka 1944, uliagiza oili ya gia ya 90 kwa hali ya kawaida na ya 80 kwa baridi, na oili hiyohiyo moja ilijazwa kwenye giaboksi, transfa (kisanduku kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) na difu zote mbili. Madaraja ya GL yalikuja miaka mingi baada ya vita, na oili ya wakati ule haikuwa na ukali wa GL-5 ya leo. Kwa hiyo anayesema kwamba jeshi lilitumia oili moja kila mahali anasema kweli, ila oili hiyo siyo iliyomo kwenye kopo analolishika mkononi.

Mabadiliko niliyoyaona hayakuja siku ya kwanza. Niliijaza GL-4, nikaendesha kwa majuma mawili, nikaimwaga ili iondoke na mabaki ya ile ya zamani, kisha nikajaza tena. Baada ya kujaza mara ya pili, gia ya pili ilianza kuingia kwa namna ambayo mkono unaihisi: kuna upinzani mdogo ulio laini, kisha gia inazama. Mkwaruzo haujaisha kabisa nikishusha gia kwa pupa, na sitarajii uishe, kwa kuwa shaba iliyokwisha haitarudishwa na oili yoyote. Dakika tano za kwanza asubuhi mkono wa gia ni mzito, baadaye unalegea. Mlio wa gia ya kwanza haujabadilika hata kidogo, ambao ni sauti ya kawaida ya giaboksi hii, na ninawashauri wenye magari haya wasinunue oili nzito zaidi kwa matumaini ya kuunyamazisha.

Jambo ambalo limenishughulisha zaidi ya ubora wa oili ni kiwango chake. Giaboksi hii inabeba takriban lita 0.7 tu, yaani robo tatu ya kwati ya Marekani. Ikipungua robo lita, zaidi ya theluthi moja ya oili yote imeondoka. Nyuma ya giaboksi imefungwa transfa, Spicer 18, inayobeba mara mbili ya kiasi hicho, lita 1.4 hivi, na kinachotenganisha oili za vyumba hivi viwili huchakaa. Kwenye gari langu oili ilikuwa inahama. Niliona tone moja tu sakafuni, nikaridhika kwamba hakuna kinachovuja, kumbe kiwango cha giaboksi kilikuwa kimeshuka chini ya ncha ya kidole changu huku transfa ikifurika hadi kumwaga nilipofungua kizibo chake. Tangu hapo nafungua vizibo vyote viwili vya kujazia kwa pamoja, gari likiwa limesimama mahali tambarare, na oili inapaswa kuonekana usawa wa ukingo wa chini wa tundu. Kwa kuwa oili zao zinaweza kukutana, transfa nayo nimeiwekea GL-4 ileile. Ukiiwekea GL-5 kwa kuwa ndani yake hakuna sinkronaiza, utakuwa umeirudisha GL-5 kwenye giaboksi kupitia mlango wa nyuma.

Difu ni habari nyingine. Meno ya difu za mbele na nyuma za Willys MB ni ya haipoidi, ambapo pinioni haikai katikati ya gia kubwa bali imeshushwa, hivyo meno huteleza yakisuguana huku yakibeba mzigo. Humo GL-5 iko nyumbani kwake, na ndimo nilimoihamishia iliyobaki, lita 1.2 hivi kwa kila difu. Makopo yangu mawili sasa yana utepe: wa njano kwa giaboksi na transfa, mweusi kwa difu.

Katika kubadilisha, kuna mambo mawili ninayoyazingatia bila kukosa. Fungua kizibo cha kujazia kabla ya cha kumwagia, kwa sababu kile cha juu kikiwa kimeshikwa na kutu utabaki na giaboksi tupu isiyojazika. Pia usikaze vizibo kwa nguvu zako zote, maana nyuzi zake ni za mshazari kama za bomba, hujibana zenyewe kadiri vinavyoingia, na chuma cha kalibu hupasuka.

Mwaka jana gari lilivuka maji yaliyofika juu ya vitovu vya magurudumu. Sikuliwasha kesho yake hadi nilipolala chini yake asubuhi na kulegeza kidogo kizibo cha kumwagia cha giaboksi. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo gari likilala usiku kucha hutua chini na hutangulia kutoka. Ilidondoka oili tupu, ya rangi ya asali. Kwenye transfa yalitangulia matone manne ya maji, kisha oili iliyokuwa nyeupe kama maziwa, nikaimwaga yote na kujaza upya siku hiyohiyo.

Mara ya tatu niliyoimwaga oili ya giaboksi ilikuwa mwezi uliopita, nikitumia beseni lilelile jeupe. Oili ilikuwa ya kahawia, bado unaziona kingo za beseni kupitia kwake, bila ile harufu ya salfa. Sumaku ilibeba vumbi la chuma pungufu kuliko mara ya kwanza. Nilifuta kidole kwenye tambara na kulipeleka juani nikaligeuza pande zote mbili, na niliona chembe mbili za njano, nikazihesabu.