Bwawa la Julius Nyerere: Tathmini ya Mtumiaji wa Umeme

Kwa mtumiaji aliyeuvumilia mgao wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2023, Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji limefanya kazi iliyotarajiwa, nami nalisifu kwa hilo bila kusita. Mtambo wa kwanza ulioingizwa kwenye gridi ya Taifa mwezi Februari 2024 ulileta megawati 235, kiasi kinachozidi uwezo wote wa Kidatu, kituo chenye megawati 204 ambacho nchi ilikitegemea kwa miongo mingi. Mitambo yote tisa ilipokamilika mwaka 2025, uwezo ulifikia megawati 2,115.

Hata hivyo, ubora wake mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni hifadhi ya maji. Bwawa la Mtera lilijengwa ili liitunzie Kidatu maji, lakini ukame ulipozidi, vituo vyote viwili viliyumba. Bwawa la Nyerere hukusanya maji ya mito ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, nalo lina nafasi ya zaidi ya mita za ujazo bilioni 30, kiasi kwamba masika mazuri yanaweza kufua umeme hadi kiangazi kirefu kinachofuata.

Upungufu uko kwenye nyaya. Umeme husafirishwa kwa msongo wa kilovoti 400 hadi kituo cha kupoza umeme cha Chalinze, na kutoka hapo safari ya kwenda Arusha na Kilimanjaro ni ndefu na yenye upotevu. Ndiyo maana mwaka 2025 Serikali ilieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Hoja hiyo ni ya kitaalamu na ninaikubali, ila inaonyesha kuwa fedha za njia za kusafirisha umeme zilipaswa kwenda sambamba na zege.

Kuna pia wakazi wa Rufiji na Kibiti, ambao kwa vizazi vingi wamefanya kilimo cha mlau, yaani kupanda maji ya mafuriko yanapopungua, kwenye ardhi iliyorutubishwa na mafuriko hayo, na ambao mafuriko ya Aprili 2024 yaliharibu mashamba na makazi yao. Hao wanastahili ratiba ya kufungulia maji inayotangazwa vijijini mapema, kabla ya mbegu kuingia ardhini, na inayozingatia pia mikoko na kamba wa delta.