Mama alipovunjika nyonga

Mama ana miaka 81. Alianguka akitoka bafuni, anguko la mtu aliyesimama tu, na nyonga ikavunjika. Mfupa ukivunjika kirahisi hivyo, ujue wenyewe ulishadhoofika zamani. Mimi hilo sikulijua, ingawa miaka minne nyuma baba mdogo alipatwa na yaleyale katika hospitali nyingine. Yeye alishindishwa njaa akisubiri upasuaji, jioni ukaahirishwa, kesho yake vilevile. Alipopasuliwa siku ya tano, tayari alikuwa na kidonda cha kulalia.

Kwa mama, kilichonishangaza ni kwamba daktari wa mifupa na daktari wa wazee walikuja kitandani pamoja. Mapokezi walishamchoma sindano ya ganzi kwenye kinena, kwa hiyo alikuwa anaongea vizuri badala ya kuleweshwa na dawa kali za maumivu. Daktari wa wazee akaomba dawa zote anazotumia nyumbani. Nikamwaga mfuko mzima. Akaokota kopo moja: "Hii ya usingizi anaimeza tangu lini?" Sikuwa na jibu.

Alipasuliwa kabla saa 36 hazijaisha. Kesho yake akasimamishwa kwa wokeri, ile fremu ya kushikilia wakati wa kutembea, huku akiwalaumu wote waliokuwepo, mimi nikiwemo. Walipompima presha amelala, kisha amesimama, ikaonekana inashuka sana. Dozi ya dawa ya presha ikapunguzwa. Pengine ndiyo iliyomwangusha.

Usiku wa pili akaanza kuweweseka, anamwita dada yake ambaye ni marehemu. Niliogopa. Nesi hakumfunga wala kumchoma sindano ya kumlaza. Aliangalia kama mkojo na choo vinatoka, akaniambia nimletee miwani yake na kifaa cha kusikia, tena nikae naye. Siku ya nne akili zilikuwa zimetulia.

Walipochemsha ni mwisho. Jumamosi na Jumapili hakukuwa na mtu wa mazoezi, na siku ya kuruhusiwa tulipewa kidonge cha mifupa cha mara moja kwa wiki bila maelezo. Cha kwanza mama alikimeza kitandani na funda la chai, akaungulika kifua siku nzima. Ndipo nikasoma karatasi ya ndani: tumbo tupu, glasi nzima ya maji, na usilale kwa nusu saa. Hospitali naipa nyota nne kati ya tano basi. Siku hizi kila Jumatatu alfajiri anakaa wima kwenye kiti, anakodolea saa ya ukutani na kuniuliza kama imeharibika.