Kamera ya mabuye kwa bibi na babu: uzoefu wangu hapa Goma

Kwa mzee anayetaka kupiga picha za wajukuu bila kuhangaika na simu, nachagua kamera inayotumia betri mbili za AA, yale mabuye yanayouzwa kila kibanda. Ninayoipendekeza ni Kodak PIXPRO FZ45: megapikseli 16, zumu ya lenzi mara 4, skrini ya inchi 2.7, kadi ya SD. Zenye betri maalum ni nyembamba zaidi, lakini chaja ikipotea mzee anabaki na kisanduku kitupu.

Shida kubwa huanzia kwenye mabuye yenyewe. Yale ya bei ya chini ya zinki na kaboni hayafai. Lenzi inapotoka na flashi inapojijaza, kamera hudai umeme mwingi kwa ghafla; buye linashindwa, kamera inazima baada ya picha chache, na mzee anaamini imeharibika, ilhali buye hilohilo bado linaimbisha redio. Nunua manne ya kuchaji, ya aina iitwayo NiMH, mAh 2000 hivi (kipimo cha umeme ambao buye hubeba): mawili ndani, mawili akiba. Kila moja lina volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo kama menyu ina sehemu ya aina ya betri, weka NiMH, la sivyo alama itadai yameisha mapema. Usichanganye la zamani na jipya.

Kabla ya kumkabidhi, itayarishe wewe. Weka lugha (Kifaransa kwa wengi wa hapa), tarehe, na hali ya otomatiki. Zima zumu ya dijitali, maana inakuza tu vitone na kuharibu sura. Zima pia kipunguza macho mekundu: flashi yake ya kwanza huwafanya watu wadhani picha imekwisha pigwa, wanageuka. Kadi ya GB 16 inamtosha kwa miaka. Mfundishe mambo mawili tu: kubonyeza nusu na kungoja mraba ugeuke kijani, kisha kubonyeza hadi mwisho, na kubana viwiko mbavuni mikono ikitetemeka. Ndani ya nyumba flashi ndogo haifiki mbali, kama mita 3, basi asogee karibu.

Wazee hutaka picha ya karatasi, na hapa ndipo wengi huumia. Kamera hupiga kwa uwiano wa 4:3, lakini karatasi ya sentimita 10 kwa 15 ni 3:2. Mashine ya studio hukata karibu sehemu moja ya tisa ya urefu, juu na chini, na vichwa vinakwenda. Chagua 3:2 kwenye menyu kama ipo. Kama haipo, mwambie aache nafasi juu ya vichwa. Kwa karatasi hiyo megapikseli 3 zinatosha, kwa hiyo usimlipie mtu megapikseli za ziada.

Ukinunua iliyotumika, mtaa wa Birere hapa Goma au kwingineko, iwashe mara tano ukisikiliza. Lenzi ikikwaruza, iache: vumbi letu jeusi la mawe ya volkano ni kali, likiingia kwenye mirija ya lenzi halitoki kwa kupuliza. Fungua mlango wa betri. Kishikizo cha plastiki ndicho huvunjika kwanza, na pasipo kishikizo mabuye hayagusi vizuri. Ukungu wa kijani kwenye vyuma, ukiwa kidogo, husafishwa kwa pamba yenye siki, kisha kukaushwa kabisa. Piga picha ya ukuta mweupe, uikuze: doa linalobaki palepale katika kila picha liko ndani, na kulisafisha kunahitaji kufungua kamera nzima.

Mfuko wenye zipu ni lazima, na mabuye yatolewe kama kamera italala zaidi ya mwezi, yasije yakavuja. Yakikaa nje, tarehe inaweza kufutika, irekebishe utakapomtembelea.